Kufika Mdomoni au Kufika Kazini

Kismayu

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Dada Mwanaesha akikusomea barua hii naomba uwe umekaa chini, tena umekaa sawasawa, si nusu kitandani na nusu jikoni unachungulia chungu. Nakujua. Ukisikia jambo umesimama utaanza kuizunguka nyumba, na Dada itabidi akusomee huku anakufuata nyuma. Habari yenyewe si ya msiba. Mimi mzima, nakula, nalala, nasali. Je, wewe? Goti limetulia, au bado linakukaba ukishuka kisimani? Paa la jiko Mjomba Lali amelirudishia makuti, au angali anasema kesho? Nijibuni yote hayo, maana kwenye simu hatuambiani kitu. Mtandao wa huko unakata, na usipokata wewe unalia, nawe ukilia mimi maneno yananipotea, tunabaki na "haya, haya" mpaka simu izime. Ndiyo nikaona bora niandike. Vidole vya mkono wa kulia bado vinashika kalamu, alhamdulillahi, na nahodha anayeleta unga huko kisiwani Chula amekubali kuichukua barua.

Nianze na yule ngamia, kwa sababu habari iliyofika huko imepotoka njiani. Dada aliniambia wako wanaosema nilikuwa nikimchezea, na wengine ati nilimpiga. Wallahi sikumchezea wala sikumpiga. Nilitaka kumsaidia. Na hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nisijue nicheke au nilie.

Ilikuwa wakati wa mvua. Nilikuwa nakwenda zangu kazini, pale pwani tunapotengeneza mashua, nimebeba mfuko wa pamba ya kutilia kalafati kwenye nyufa za mbao. Kando ya njia walifungwa ngamia wanaosubiri kupakiwa melini. Ngamia nimeshawaona tangu nije Kismayu, lakini majike, wale wa maziwa, ambao wanakuangalia kwa dharau kisha wakaendelea kutafuna. Huyu alikuwa dume, peke yake kwenye nguzo. Anatokwa povu, anagugumia kama birika linalochemka, na ubavuni mwa mdomo limemtoka puto jekundu, laini, linaning'inia mpaka chini ya kidevu.

Sasa Mama, mtu wa Chula akiona kitu kama hicho afikiri nini? Wewe mwenyewe ungefikiri nililofikiri mimi. Chewa akivutwa kutoka kilindini si tumbo humtoka mdomoni vilevile, limejaa upepo? Na tangu utoto si tumefundishwa kwamba ukitaka kumrudisha majini akiwa hai lazima umsaidie kwanza? Basi nikasema huyu mnyama amekabwa, matumbo yanamtoka, na mwenyewe hayupo. Nikaweka mfuko chini, nikasema Bismillahi, nikapeleka mkono nimrudishie.

Kumbe ngamia dume akitaka majike ndivyo afanyavyo! Lile puto hulitoa kwa makusudi, ndiyo maringo yake. Kila mtoto wa bara analijua hilo. Akanidaka kiwiko cha mkono wa kulia, akaninyanyua mpaka miguu ikaacha ardhi, akanitikisa. Mfupa niliusikia kabla ya maumivu kufika. Mwenye ngamia, Mzee Dirie, alitoka mbio kwenye kibanda cha chai, akamtupia dume shuka machoni na kumbana pua mpaka akaachama kutafuta pumzi. Nikaanguka. Namkumbuka amenisimamia juu anapiga kelele kwa Kisomali, "Walal, ndugu yangu! Ulikuwa ukitafuta nini mdomoni mwake?" Nami nikamjibu kwa Kibajuni, "Namrudishia tumbo lake." Hakuelewa. Hata ningesema kwa Kisomali nadhani asingeelewa.

Mjini sasa wananiita daktari wa ngamia. Nikipita sokoni wauza majani ya chai wananiuliza kama nimefungua zahanati. Zamani ningekasirika. Siku hizi hasira yangu sijui niipeleke wapi. Dume amepakiwa, amekwenda zake ng'ambo, wala hajui kama kuna mtu anaitwa Shee. Mzee Dirie naye hanipi nafasi ya kumkasirikia. Kila siku tangu niumwe amekuja na maziwa, kwanza hospitalini, sasa nyumbani. Anakaa, ananiangalia ninywe mpaka mwisho, anauliza mkono umelalaje, anaondoka. Nami nakunywa maziwa ya ngamia kwa mkono wa pili huku wa kwanza umeharibiwa na ngamia. Niambie Mama, hapo mtu ahisi nini?

Hospitalini ndiko nilikochanganyikiwa hasa. Nilidhani watanishona upesi, kama sisi tunavyoziba ufa wa mashua kabla maji hayajaingia. Hawakushona. Waliosha, wakaosha tena, chupa juu ya chupa za maji ya chumvi, mpaka nikamwuliza muuguzi, Bi Hawo, kama wananitibu au wanafua. Akasema meno ya ngamia ni machafu na yamezama ndani sana, akifunga kidonda siku hiyo atakuwa ameufungia uchafu ndani. Nikabaki na shimo wazi siku kadhaa wanalibadilisha bandeji. Mimi, fundi kalafati, nimelala nalitazama tundu na hakuna anayeliziba! Nilimwomba Fatuma aniletee pamba na mafuta ya sifa, yale ya papa tunayopaka mashua, nijitie mwenyewe. Mke wangu akanikodolea macho, akaenda kumsemea Bi Hawo, na wote wawili wakanigombeza kwa pamoja.

Wakanidunga sindano ya pepopunda, kisha za kichaa. Nikauliza, kichaa si cha mbwa? Bi Hawo akasema mnyama yeyote aliyeumwa na mbwa au mbweha mgonjwa anaweza kuwa nacho, na huyu ameshasafiri, hakuna wa kumchunguza, kwa hiyo nisikose hata sindano moja. Sikukosa. Lakini Mama, mtu anajuaje kama anaingiwa na kichaa au la? Nilikuwa nimesikia mwenye ugonjwa huo huogopa maji, basi nikawa nakunywa maji bila kiu ili nijipime. Nakunywa, natulia. Baada ya kitambo naingiwa na shaka, nakunywa tena. Fatuma alichoka kunijazia mtungi.

Baadaye mkono ulivimba, nikapata homa, wakanirudisha ndani wakatoa vipande vya mfupa. Walipoona nyama imekuwa safi wakachukua ngozi ya paja wakaifunika kiwikoni. Ikashika. Kidonda kimefunga, Mama, hilo shukuru. Pale penye ngozi ngeni nikigusa sihisi kitu, na kidole cha mwisho, ambacho hakikuumwa hata kidogo, ndicho kinachowaka moto. Nimemwuliza Bi Hawo mara nyingi kwa nini kinauma kisichoumwa. Amenieleza habari za mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko, nikaelewa alipokuwa akisema, nilipofika nyumbani sikuelewa tena.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Dada, msomee polepole.

Mama, kiwiko kimekufa. Mkono uko, vidole viko, bega liko, lakini ile bawaba ya katikati imesagwa. Ukitikiswa kidogo natokwa na machozi. Yuko daktari wa mifupa anayekuja Kismayu mara kwa mara kutoka Mogadishu, mtu mpole, anasema maneno machache. Alitazama picha kwa muda mrefu, akasema ataunganisha mfupa kwa mfupa uwe mmoja. Maumivu yatakwisha na mkono utapata nguvu, ila hautakunjika wala kunyooka maisha yangu yote. Utabaki vile atakavyouweka. Kisha akaniuliza, "Nikuwekee vipi?"

Nikamwambia, "Wewe si ndiye daktari?"

"Ndiyo," akasema, "lakini mkono ni wako. Nikiukunja sana utafika mdomoni, hautafika kazini. Nikiunyoosha kidogo utafika kazini, hautafika mdomoni. Nikiuweka katikati hautafika kokote. Fikiri, nikirudi unijibu."

Mambo ya kuulizwa mtu hayo? Ningeulizwa mahari, ningeulizwa jina la mtoto, ningejibu. Nilitoka pale nikapanda bajaji, dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwambia azunguke tu.

Bi Hawo akanitengenezea magamba mawili ya plasta, moja la mkono uliokunjwa na moja la ulionyooka kidogo, akasema nikae na hili kwanza kisha lile, nijionee. Nikaanza na la kukunja. Mkono ukakaa kifuani kama wa mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilikula mwenyewe! Wali, samaki, nikajifuta mdomo, nikavaa kofia, nikajikuna pua. Fatuma alifurahi, akasema, "Basi ni huu. Mdomo kwanza, Shee. Kazi ni ya wachu wenye mashua, mdomo ni wako." Mzee Dirie naye akaunga mkono. Akasema mkono wa kulia wa mwanaume ndio heshima yake mbele ya chakula, na mtu anayekula kwa kushoto hata ngamia wake humdharau. Nikataka kumwambia ngamia wake wameshanidharau vya kutosha, nikajitilia tonge jingine mdomoni.

Lakini katika sala nilikuwa nikisujudu naanguka upande. Na nilipokwenda kazini kutazama tu, Fundi Bunu, mkubwa wetu, aliniambia nijaribu kushika nyundo ya mbao na kuifikisha kwenye mbao za chini ya mashua. Sikufika. Nilikuwa kama ninayempungia mtu aliye mbali. Fundi Bunu akageuka akajifanya anatafuta patasi. Nilirudi nyumbani sikula hata kwa huo mkono unaofika mdomoni.

Kisha nikavaa gamba la pili. Nikarudi pwani, nikalala chali chini ya mashua ya mtu wa Burgao, mkono wa kushoto umeshika patasi, wa kulia nyundo, nikagonga polepole sana kwa vile niliagizwa nisilazimishe. Pamba ikaingia kwenye mshono. Mama, ikaingia. Sauti ya nyundo ikabadilika vile inavyobadilika mshono ukijaa, nikalia palepale, nikashukuru kwamba aliyelala chini ya mashua haonekani uso.

Mchana Fatuma akaleta chakula, nikaunyoosha mkono, ukaishia hewani. Akanilisha. Niliwahi kulishwa hospitalini sikuona vibaya, lakini nyumbani kwangu, nikiwa nimevaa shati la kazi, kila tonge nililipokea nimefumba macho. Sheikh wa msikiti wetu nilimwendea, akaniambia kwa dharura mkono wa kushoto hauna lawama, Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza. Nikamwambia nimeelewa. Nilifika nyumbani, nikauangalia mkono wa kushoto, nikausogeza kuelekea sinia, ukasimama njiani. Si kwamba niliukataza. Ulisimama wenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Asubuhi nauchagua mkono wa kazi, mchana nautaka wa mdomo, jioni sitaki wowote, nataka ule wangu wa zamani. Nawe ukipiga simu unaniita nirudi, "Ndoo nyumbani, mwanangu, ndoo. Hakuna kichu kisichokunjika kwa mafuta na mkono wa mama." Nikisikia hivyo nataka kuacha yote nipande chombo. Lakini mfupa umesagwa, Mama. Nimeiona picha yake. Mafuta yako yangenituliza moyo, na mkono ungebaki unavunjika upya kila siku. Siji sasa. Nisamehe, najua umeshatandika kitanda changu.

Ijumaa iliyopita Fatuma alipika wali wa nazi na nguru, akasema Mzee Dirie amekuja mara nyingi kuleta, aje mara moja kula. Tulikuwa na wasiwasi, maana yeye ni mtu wa nyama na maziwa, samaki hajawahi kumtia mdomoni, husema ni chakula cha wasio na mifugo. Alikuja baada ya sala. Tukakaa kwenye sinia, mimi na gamba la kunyooka. Sikuwa nimefikiri mbele. Fatuma alinawa, akakata tonge, akalileta kinywani mwangu kama kawaida, na mimi mbele ya mgeni nikageuza uso. Tonge likabaki mkononi mwake. Nilitamani Mzee Dirie azungumzie mvua, bei ya mbuzi, chochote.

Mzee Dirie akauangalia mkono wake wa kulia, akaurudisha nyuma mgongoni. Akasema, "Wangu umechoka leo." Akapeleka wa kushoto kwenye sinia, akachota wali, akamega na samaki juu yake, akala. Mama, mzee yule hajui kula kwa kushoto hata kidogo. Wali ulimwagika ndevuni, ukamwagika kwenye kikoi, mwiba ukamkwama, akakohoa mpaka macho yakatoka maji. Kisha akachota tena. Fatuma aliinuka akaenda jikoni, na mpaka sasa sijui alikwenda kucheka au kulia. Alipotoka alikuwa na glasi ya maji, akampa mzee.

Alipokwisha kula nilimwuliza kwa nini, yeye aliyeniambia habari za heshima. Akakunja uso, akasema, "Niliyasema hayo nikiwa nimeshiba." Akaenda zake. Sijui alimaanisha nini hasa. Siku ya pili akaleta maziwa kama kawaida.

Nimempelekea daktari jibu kupitia kwa Bi Hawo. Aniwekee wa kufika kazini. Akirudi atanipasua, inshallah, na baada ya hapo nitakaa na plasta muda mrefu, kisha mazoezi ya bega na vidole. Nimechagua, lakini usidhani nimetulia. Nikitia kalafati najiona nimefanya sawa, nikiona watu wanakula najiona mjinga. Fatuma amekubali ila hajanyamaza. Niombee dua, tena iombe kwa sauti, msikie nyote.

Nisalimie Mjomba Lali, fundi wangu wa kwanza, umwambie pamba inaingia bado. Nisalimie Shangazi Mwanamvua, msuka mikeka, na Bibi Amina jirani, mkunga aliyenipokea duniani, umwambie nimebaki na viungo vyote alivyovihesabu ila kimoja kimegoma. Maalimu wangu wa chuo cha Kurani umpe mkono kwa niaba yangu. Watoto wa Dada wote uwabusu, na yule mkorofi mara mbili. Fatuma anakusalimu sana, anasema ukipata chombo uje wewe, hapa pana nafasi.

Dada, kilichobaki msomee mkiwa wawili tu.

Mama, mimi nilizaliwa wa mkono wa kushoto. Watu wamesahau, hata mimi nilikuwa nimesahau, mpaka mkono ule uliposimama njiani mbele ya chakula. Nilipokuwa mdogo kila nikiupeleka kwenye sahani wewe ulikuwa ukiupiga, na ulipoona haukomi ukaufunga ubavuni kwa pindo la leso, ukakaa nami kila mlo, ukisubiri wa kulia ujifunze. Ulifanya vizuri, silaumu. Lakini sasa sheikh amenipa ruhusa, daktari amenipa, Fatuma amenipa, mzee wa watu amejichafua ndevu kwa ajili yangu, na mkono bado haufiki. Hauwasikii wote hao. Nadhani unakusubiri wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeufunga.

Ufungue, Mama.

Mwanao,
Shee